Kupimwa afya kazini: mwajiri ana haki ya kujua nini?



Hapa Lubumbashi, kijana anayetafuta kazi ya mgodi, ya udereva au ya ulinzi anaijua hatua ya mwisho. Diploma imekubaliwa, mazungumzo yamekwenda vizuri, ndipo anatumwa kliniki. Anatolewa damu, anatoa mkojo, anapigwa picha ya kifua. Baada ya siku chache anaitwa kutia sahihi mkataba, au haitwi tena. Wale wasioitwa ndio wanaotufikia sisi wachungaji.

Papa mmoja, baba wa watoto wanne, alikuja kwetu na swali moja tu: «Papa Mchungaji, damu yangu imesema nini juu yangu kwa watu wale?» Hakuwa amepewa karatasi yoyote. Hakujua hata amepimwa magonjwa gani. Aliambiwa kwa simu kwamba yeye ni «inapte», basi. Kwa miezi mitatu hakukaribia meza ya Bwana, kwa sababu alikuwa amejihukumu mwenyewe kwa ugonjwa ambao hakuna mtu aliyeutaja. Alipokubali mwishowe kwenda kupimwa kwa hiari yake, alikutwa na shinikizo la damu tu, ugonjwa unaotulizwa kwa vidonge vya kila siku.

Tunaandika makala hii kwa ajili ya watu kama yeye, kwa wazee wa kanisa wanaowapokea, na pia kwa wakristo walio wakubwa wa kazi. Tunawakumbuka hasa ndugu zetu wa Bukavu, Goma, Uvira, Kalemie na Bunia, maana vijana wengi wa huko wanashuka mpaka huku Katanga kutafuta kazi, na mashirika yanayoajiri huko kwenu nayo hupima watu.

Kwanza tuseme wazi: kupimwa kwenyewe si ubaya. Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mfanyakazi awe na cheti cha munganga kinachothibitisha kwamba anaiweza kazi anayopewa. Sababu yake mnaiona. Dereva wa lori la shaba kwenye barabara ya Kolwezi kwenda Kasumbalesa akiwa haoni vizuri usiku, wanaokufa ni abiria wa basi linalokuja mbele yake. Fundi wa umeme mwenye kifafa hapandi nguzo. Ni huruma kumwambia mtu wa namna hii: kazi hii hapana, tutafute nyingine.

Lakini angalieni jinsi swali lilivyo. Sheria inamwuliza munganga: je, mtu huyu anaiweza kazi hii bila kujidhuru na bila kudhuru wengine? Haimwulizi: mtu huyu ana ugonjwa gani? Jibu linalopaswa kufika kwenye meza ya mwajiri ni neno moja, «apte» au «inapte», au «apte» yenye masharti, kwa mfano asibebe mizigo mizito, asifanye kazi ya usiku. Jina la ugonjwa linabaki kati ya munganga na mgonjwa. Hata kama kampuni ndiyo inayomlipa munganga, haijanunua siri za watu. Kitabu cha pili cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo, kifungu cha 73, kinamwadhibu kwa kifungo na faini mtu yeyote anayefunua siri aliyoaminiwa kwa sababu ya kazi yake au hali yake, isipokuwa pale sheria yenyewe inapomtaka aseme. Na sisi wachungaji tusidhani tuko nje ya kifungu hicho.

Kwa nini basi majina ya magonjwa yanafika kwa wakubwa wa kazi? Tusiwe wepesi wa kusema ni ubaya wa moyo tu. Kanuni yetu ya Kazi inambebesha mwajiri matibabu ya mfanyakazi pamoja na ya mke na watoto wake. Mfanyakazi akilala mgonjwa, mwajiri anaendelea kumlipa theluthi mbili za mshahara. Ni sheria nzuri, na familia nyingi za Kenya na Kamalondo zimeishi kwa hiyo tangu wakati wa Gécamines. Lakini ndipo jaribu linapoingia. Mtu wa hesabu anapoona kwamba kijana huyu atahitaji dawa kwa miaka mingi, anaona gharama kabla ya kumwona mtu. Na njia rahisi ya kukwepa gharama ni kuchuja watu mlangoni, kabla hawajaingia kwenye orodha ya mishahara. Kwa sababu hiyo dhuluma nyingi hutokea kabla ya mkataba kutiwa sahihi, wakati mtu hana bado chama cha wafanyakazi wala karatasi ya kumtetea. Tena watu wengi siku hizi hawaajiriwi na mgodi wenyewe bali na kampuni ndogo zinazoufanyia kazi, na mgodi ukiulizwa unajibu kwamba hauwajui.

Desturi hiyo si ngeni hapa kwetu. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji huu ukaanzishwa mwaka 1910, wakati walipokuwa wakitafuta mikono ya kufanya kazi kila upande: Luapula, Kasai, na baadaye Rwanda na Burundi. Wanaume walipangwa mstari, wakatazamwa na wanganga, wenye nguvu wakachukuliwa, wanyonge wakarudishwa. Miaka ya mwanzo watu wengi walikufa kambini kwa magonjwa. Kuanzia mwaka 1928 hivi kampuni ilibadilisha siasa yake: ikatoa mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu wake na watoto, ikajenga hospitali na nyumba za uzazi, ikapima uzito wa watoto wachanga. Babu zetu walinufaika, hatukatai. Lakini munganga wa kambi alikuwa mtu wa kampuni kabisa, na mwili wa mfanyakazi ulihesabiwa kama sehemu ya mashine. Wazo hilo halikuondoka na Wabelgiji. Linakaa bado kwenye fomu kadhaa tunazoletewa na vijana wetu.

Tuje sasa kwenye kipimo kinachoogopwa kuliko vyote. Juu ya virusi vya Sida, ambayo ndugu wa Tanzania na Kenya huita Ukimwi, nchi yetu ina sheria yake ya pekee: sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008, inayolinda haki za watu wanaoishi na virusi hivyo pamoja na jamaa zao. Inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya hali yake, na kazini pia. Inataka mtu apimwe kwa ridhaa yake mwenyewe, na matokeo yake yawe siri. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika Pendekezo namba 200 la mwaka 2010, linasema vilevile: mfanyakazi au mtu anayetafuta kazi asilazimishwe kupimwa virusi hivi wala kutaja hali yake. Na Kongo iliridhia mwaka 2001 Mkataba namba 111 wa shirika hilo, unaokataza ubaguzi katika ajira.

Sababu ya sheria hiyo kuwa kali ni rahisi. Virusi hivi haviambukizi kwa kushika nyundo moja, kula sahani moja au kukaa pamoja kwenye basi la wafanyakazi. Mtu anayemeza dawa zake kila siku, virusi vyake vikishuka mpaka visionekane tena kwenye kipimo, hamwambukizi hata mwenzi wake wa ndoa. Anaweza kuchimba, kuendesha, kufundisha na kuhubiri miaka mingi. Kwa hiyo kipimo hiki hakijibu swali la munganga wa kazi. Hakisemi kama mtu anaiweza kazi au haiwezi.

Hila iliyopo ni karatasi inayosema «nakubali vipimo vyote vitakavyohitajika», ambayo kijana anatiwa sahihi mlangoni mwa kliniki. Anatia sahihi bila kusoma, maana nyuma yake kuna wengine thelathini wanaongoja nafasi ileile. Ridhaa ya mtu aliyeshikwa kooni ni ridhaa gani? Ridhaa ya kweli inataka mtu aambiwe anapimwa nini, kwa sababu gani, nani atasoma matokeo, na kwamba akikataa kipimo hiki hatapoteza kazi.

Kifua kikuu ni jambo lingine, na hapa tunawaomba mtusome polepole. Kifua kikuu huambukiza kwa hewa, kwa hiyo mwajiri ana haki ya kutaka mgonjwa apumzike mpaka asiambukize tena. Kwa kawaida, akitumia dawa zinazofaa, majuma machache yanatosha kwa hilo, ingawa tiba yote huchukua miezi 6 au zaidi. Kanuni ya Kazi inamruhusu mwajiri kuvunja mkataba mtu akishindwa kazi kwa ugonjwa zaidi ya miezi 6 mfululizo. Linganisheni hesabu hizo mbili. Mgonjwa akianza dawa mapema anarudi kazini kabla muda haujafika. Akijificha kwa aibu, akazunguka kwenye vyumba vya maombi akikataa hospitali, muda unamwishia. Tunasema hivi kwa uchungu, kwa maana baadhi ya vyumba hivyo ni vya watu wetu.

Tena kuna jambo ambalo mfanyakazi wa mgodi hapaswi kulisahau. Vumbi la mawe yenye silika huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hivyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Ile ruhusa ya kuvunja mkataba haigusi ajali ya kazi wala ugonjwa uliotokana na kazi. Mambo hayo yako chini ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwa sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016. Kwa hiyo mchimbaji wa miaka 15 akiambiwa «wewe ni mgonjwa wa kifua, nenda nyumbani», aulize kwanza kifua hicho kimeharibiwa na nini. Ile picha ya kifua aliyopigwa siku ya kuingia, ikionyesha mapafu safi, ndiyo shahidi wake. Hapo kipimo kinamtetea mfanyakazi, nasi tungetaka vipimo vya namna hiyo viwe vingi zaidi: vya kuingia, vya kila mwaka, vya kutoka kazini, na kila mara mwenye mwili apewe nakala. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven walitangaza matokeo ya vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walikuta kobalti nyingi mno. Vipimo vile vilifunua kosa la mazingira, havikumfukuza mtu kazini.

Ninyi wa Kivu ya Kaskazini na Ituri mna ujuzi ambao sisi wa kusini hatuna. Ebola ilitangazwa kwenu tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu 2,287. Mlisimama mkapimwa joto mlangoni mwa ofisi, sokoni na kanisani, na ilikuwa sawa, kwa maana hatari ilikuwa ya haraka na ya wote. Tofauti iko hapo: kipimo cha wote, kwa hatari inayojulikana, kwa muda unaojulikana, na aliyepona anarudi. Pale ambapo aliyepona alikatazwa kurudi kwenye kazi yake au kuuza sokoni, hapakuwa tena na kinga, palibaki ubaguzi.

Kwa akina mama tutaongea kifupi kwa sababu sheria yenyewe haina mafumbo. Kanuni ya Kazi inakataza kumtaka mwanamke anayeomba kazi apimwe mimba au alete cheti cha kuonyesha kama ni mjamzito au la, isipokuwa kwa kazi ambazo wajawazito wamekatazwa. Mama akiona kipimo hicho kwenye orodha ya kliniki, auulize ukurasa huo unatafuta nini.

Je, mtu akienda mahakamani, anashinda? Tutazame kwa jirani zetu. Nchini Zambia, ng'ambo ya mpaka wetu, watu wawili waliokuwa wametumikia Jeshi la Anga walipimwa virusi vya Sida bila kuambiwa, wakapewa dawa bila kuelezwa ni za nini, kisha wakaondolewa kazini. Mwezi wa Mei 2010 Mahakama Kuu huko Livingstone iliamua kwamba kuwapima bila ridhaa kulivunja haki zao, ikaagiza kila mmoja alipwe kwacha milioni 10 za wakati ule. Lakini haikukubali kwamba waliondolewa kazini kwa sababu ya virusi. Kwa hiyo tunajifunza kwamba ni rahisi zaidi kuonyesha kwamba ridhaa haikuombwa kuliko kuonyesha kilichokuwa moyoni mwa mkubwa wa kazi. Karatasi ni muhimu.

Kesi ya pili inatugusa zaidi. Mwezi wa Novemba 2013, mahakama ya kazi ya Nairobi iliagiza Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki kumlipa mwanamke mmoja karibu shilingi milioni 7 za Kenya. Alikuwa amepimwa virusi bila ridhaa alipokuwa akiajiriwa, kisha kwa miaka akanyimwa ajira ya kudumu. Ndugu Waprotestanti, msitabasamu. Katika Kanisa la Kristo katika Kongo tuna shule, hospitali na vituo vya afya kila mkoa, na sisi ni waajiri wakubwa. Tunawapima walimu na wauguzi wetu. Maabara zinazowapima wafanyakazi wa makampuni mara nyingine ni maabara zetu, na anayesoma matokeo ni shemasi wetu. Tumewahi kusikia jina la mtu likitajwa kwenye maombi ya asubuhi, pamoja na ugonjwa wake, mbele ya watu sitini, kwa nia njema kabisa. Jumatatu yake mtaa wote ulijua. Aliyesema alifikiri anaombea, na kwa kweli alikuwa anaombea. (Juu ya vipimo tunavyowadai wachumba kabla ya ndoa tutaandika siku nyingine, nayo inahitaji kuchunguzwa.)

Watu wengine hutuletea Mambo ya Walawi sura ya 13 ili kuonyesha kwamba Biblia yenyewe inamtenga mgonjwa. Wasome vizuri. Kuhani hakuruhusiwa kumtenga mtu kwa tetesi: alitazama kwa macho yake, akangoja siku saba, akatazama tena. Na sura ya 14 inamwagiza kuhani huyohuyo atoke nje ya kambi, amfuate mtu kule alikotengwa, ampime upya ili arudi. Katika Marko 1 Yesu alimgusa mwenye ukoma kwanza, kisha akamtuma kwa kuhani. Hakudharau cheti. Alikitaka kwa sababu kilikuwa kinamfungulia mtu mlango wa mji. Tungependa kila munganga mkristo wa kazi ajiulize, kabla ya kuandika «inapte», kama amemtafutia mtu huyo njia ya kurudi: kazi nyingine katika kampuni ileile, dawa, muda wa kupumzika, kipimo cha pili.

Basi mtu aliyekataliwa afanye nini? Aombe kwa maandishi sababu ya kukataliwa na nakala ya vipimo vyake, akiweka tarehe na kubaki na nakala ya barua. Aende kwa munganga mwingine apimwe tena, maana mashine hukosea na majina huchanganyika. Kama alikuwa tayari ameajiriwa, awaone wajumbe wa chama cha wafanyakazi, kisha amfikie Mkaguzi wa Kazi, kwa maana mashtaka ya kazi hayapokelewi mahakamani kabla hayajapita kwake kwa upatanisho. Upatanisho ukishindikana, Mahakama ya Kazi ipo. Kama jambo ni la virusi vya Sida, ofisi za PNMLS katika mikoa zinaijua sheria ya 2008 na zinaweza kumwelekeza. Asiandike habari zake kwenye makundi ya simu. Akishaandika hapo, hawezi tena kulalamika kwamba mwingine alifunua siri yake.

Kwa wazee wa kanisa: msimwulize mtu ana ugonjwa gani. Mwulizeni alitia sahihi karatasi gani, kisha mtafuteni mtu mmoja kanisani anayesoma Kifaransa cha sheria vizuri, amsindikize kwa Mkaguzi. Yule papa tuliyemtaja mwanzoni alisindikizwa na mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi. Kampuni ile haikumrudisha. Lakini baada ya barua ya pili ilimpa nakala ya vipimo vyake, na kwa nakala ile aliingia kazini kwingine, ghalani, akiwa na cheti cha «apte» chenye sharti moja: apimwe shinikizo kila mwezi.